Glasi

Kwenye faili langu wameandika: sonona sugu.
Sugu naijua. Ninazo nne kiganjani,
za spana na nati, miaka thelathini
katika karakana ya tramu hapa Łódź.
Sugu haiumi. Ndiyo kazi yake, kutouma.
Hivyo nilimwambia daktari siku ya kwanza,
nikadhani tumemaliza.

Halszka Wrona hakuandika kitu.
Chumba chake kiko ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifungo;
lifti imekufa tangu Pasaka,
nafika nikihema. Na huo ndio mwaka wote wa kwanza:
dakika arobaini za kuhema,
kumi za kusema theluji imeanguka, theluji imeyeyuka.

Alhamisi baada ya Alhamisi
nilihesabu mbavu za kipasha joto chini ya dirisha. Nane.
Ubavu wa mwisho unavuja.
Nikamwambia unavuja.
Akasema, "Umeona."
Neno hilo moja nikarudi nalo nyumbani
kama mkate wa moto chini ya koti.
Kufika Ijumaa lilikuwa limepoa.

Kisha ile Alhamisi ya Februari
mkono ukateleza, glasi ya maji ikapasuka sakafuni.
Si kishindo. Hata njiwa wa dirishani hawakuruka.
Lakini mimi tayari nilikuwa na miaka saba,
mabega masikioni, macho mlangoni,
namsubiri Baba atoke jikoni na mkanda
alioukunja mara mbili, taratibu,
maana hakupiga kwa hasira yule,
alipiga kama apigiliaye msumari: kwa uangalifu, usipinde.

Hakutoka.
Mwanamke mwenye soksi za rangi ya haradali
alipapasa kwanza kutafuta viatu vyake
(kumbe huvivua chini ya meza!),
akapiga magoti na kizoleo.
Nami nikapiga magoti, sikujua mwili niuweke wapi.
Tukaokota.

"Ireneusz," akasema bila kuinua uso,
"ulingoja nifanye nini?"
Nikamwambia. Mkanda, jiko, idadi.
Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma namba za vipuri.
"Na mimi nimefanya nini?"
Swali la kitoto. Nilitaka kucheka.
"Umeleta kizoleo."
"Sema tena."
"Umeleta kizoleo."
Mara ya tatu sikulimaliza,
kizo, kizo,
likanikwama kooni na kila kilichokuwa nyuma yake.

Hatukukumbatiana. Si kazi yake hiyo, wala yangu.
Muda ulipoisha aliniambia umeisha.
Nikachukia. Nilimwambia nimechukia: kwanza ngazini, peke yangu,
na baada ya majuma mawili, ana kwa ana.
"Nimesikia," akasema. "Na bado nipo."

Msidhani nimepona.
Zipo asubuhi blanketi lina uzito wa behewa,
na Bożena huniwekea chai nje ya mlango,
haingii; miaka ishirini nimemfundisha asiingie.
Jumamosi moja nilimwita.
Akasimama na kikombe, hajui akae wapi,
nami sijui nimwambie akae wapi.
Chai ikapoa tukiwa hivyo.
Tuliinywa.

Lakini hili nataka liandikwe kwenye faili,
chini ya lile neno:
Alhamisi iliyofuata ile ya vigae na vipande
nilifika mapema, nikaitazama meza kabla ya mtu.
Nilitarajia kikombe cha plastiki,
kile wapewacho watoto na wasioaminika.
Palikuwa na glasi.
Nyembamba kuliko ile ya kwanza, imejaa karibu ya kumwagika.
Halszka alikuwa akifungua dirisha, amenipa mgongo.

Nikaishika kwa mkono uleule.
Sugu haiumi, nilisema.
Maji yalikuwa baridi.